UTAMU USIOMWAGIKA NJIANI

Neno la kutafakari: Yeremia 48:11-12

 

Neno la leo ni fupi. Nabii Yeremia anasema habari za taifa la Moabu, nchi iliyojulikana kwa mizabibu. Anasema Moabu alikaa raha tangu ujana wake, kama divai iliyoachwa itulie juu ya mashapo yake. Hakuna aliyemhamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine, wala hakujua uhamisho ni kitu gani. Ndiyo maana ladha yake na harufu yake zilibaki zilezile. Lakini katika mstari wa 12 Bwana anasema siku zinakuja ambazo atawatuma watu wa kummimina Moabu na kuvunja mitungi yake.

Sisi tunaosoma gazeti hili tumekwisha kumiminwa. Tumetoka kijijini tukaingia msituni, kutoka msituni hadi mpakani, kutoka mpakani hadi kituo cha mapokezi, na kutoka kituoni hadi hapa tulipo. Wengine wamemiminwa mara mbili na mara tatu katika maisha ya mtu mmoja. Na katika nyumba nyingi liko swali ambalo watu hawalisemi kwa sauti kubwa: kila tulipomiminwa, je, ladha yetu ilimwagika njiani? Kule nyumbani tulikuwa watu wa kukaribisha wageni, watu wa kusameheana mbele ya wazee, watu wa kuimba jioni. Je, bado tuko watu wale?

Kwa kuwa nabii ametumia mfano wa divai, tuuchunguze vizuri. Hatuandiki ili kumwalika mtu kunywa. Tunajua lutuku, kanyanga na waragi vimefanya nini katika ndoa zetu, na jinsi mgao wa chakula wa watoto unavyouzwa ili baba apate chupa. Mtume Paulo katika Waefeso 5 ametukataza ulevi waziwazi, na katazo hilo halina mjadala. Tunajua pia kwamba meza zetu za Bwana hazifanani. Wako wanaotumia divai, na wako wanaotumia maji ya zabibu yasiyochachuka, desturi iliyopata nguvu baada ya Thomas Bramwell Welch, Mmethodisti wa Marekani, kufaulu mwaka 1869 kuyachemsha maji ya zabibu ili yasichachuke. Kila mmoja na afuate kanisa lake kwa amani. Sisi tunataka tu kujifunza jambo moja kutoka kwa divai tamu zenye nguvu, za aina ambayo baadhi ya makanisa huiweka mezani kwa sababu chupa ikifunguliwa haiharibiki upesi: utamu wake unalindwaje?

KWANZA, UTAMU HULINDWA UKIWA BADO UPO

Zabibu zikikamuliwa, chachu huanza kula sukari iliyomo, na sukari inayoliwa hugeuka kuwa pombe. Ukiiacha, itakula mpaka sukari iishe, na divai itabaki kavu bila utamu.

Katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, hutengenezwa divai iitwayo Porto. Eneo lake liliwekewa mipaka mwaka 1756. Wakulima wa huko huchanganya zabibu za aina nyingi, kama Touriga Nacional yenye punje ndogo, Touriga Franca na Tinta Roriz. Maji ya zabibu hizo huachwa yachachuke siku mbili au tatu tu. Chachu ikiwa imekula karibu nusu ya sukari, watu humimina ndani yake pombe kali iliyokenekwa kutokana na zabibu, yenye nguvu ya asilimia 77, kiasi cha sehemu moja kwa sehemu nne za maji ya zabibu. Chachu hufa papo hapo, na sukari iliyosalia hubaki humo miaka na miaka.

Ndugu zetu, angalieni suala la wakati. Mtengenezaji akichelewa siku chache, bado anaweza kumimina ile pombe kali, na divai itapata nguvu. Lakini utamu wa asili wa zabibu zile utakuwa umekwisha kuliwa.

Katika nyumba zetu kuna kitu kinachokula. Ni uchungu wa kusubiri. Unakula polepole, usiku na mchana, wala hauna kelele. Na sisi tumezoea kusema: tutapatana na shemeji tukirudi nyumbani. Tutabariki ndoa yetu tukipata nchi ya tatu. Tutawafundisha watoto habari za babu yao maisha yakitulia. Miaka kumi inapita. Miaka ishirini inapita. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kukimbia sasa ana mtoto wake mwenyewe, na ugomvi wa mashemeji bado unangoja safari.

Neno la Mungu halikungoja safari iishe. Waefeso 4 inatuagiza tusiache jua lichwe tukiwa na hasira. Jua linachwa hapa pia, juu ya paa za turubai kama juu ya paa za bati. Basi Roho wa Mungu na apewe nafasi leo, kungali kumebaki utamu wa kulindwa. Ukiwa umebaki nusu, mshukuru Mungu kwa hiyo nusu na uilinde.

PILI, UTAMU HUPITA KATIKA JOTO

Ureno ina kisiwa katika bahari ya Atlantiki kiitwacho Madeira. Zamani meli zilizokwenda India na Amerika zilipita pale kuchukua divai. Mapipa yalikaa tumboni mwa meli miezi mingi, yakitikiswa na mawimbi na kupikwa na joto la nchi za ikweta. Joto la namna hiyo huharibu divai ya kawaida. Lakini mapipa mengine yaliporudi kisiwani, watu walionja wakakuta divai imekuwa nzuri kuliko ilivyoondoka. Wakaipa jina la divai ya kwenda na kurudi, na wafanyabiashara wakaanza kuipeleka safari makusudi. Siku hizi safari haihitajiki. Divai nyingine hutiwa katika matangi yenye joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa muda usiopungua miezi mitatu, na nyingine huwekwa katika mapipa chini ya paa linalopigwa na jua kwa miaka kadhaa. Ikitoka huko hudumu muda mrefu sana, hata miaka mia na zaidi.

Zabibu za Madeira hupangwa kwa utamu wa divai yake: Sercial hutoa iliyo kavu, kisha Verdelho, kisha Boal, na mwisho Malvasia, tamu kuliko zote.

Hapa tunaomba msomaji awe mwangalifu. Tumewahi kusikia watu wakihubiri kwamba Mungu alituchomea nyumba ili atufanye watamu. Sisi hatuhubiri hivyo. Waliochoma nyumba ni watu, na Mungu atawauliza. Joto peke yake halitengenezi kitu chema. Chukua divai dhaifu uifungie katika joto lile miezi sita, utapata kitu cha kumwaga. Divai ya Madeira ilivumilia kwa sababu ya kilichokuwa ndani yake: ukali wa asili wa zabibu zile, ambao wenyeji wanaujua hata katika divai tamu, na ile pombe ya kukenekwa ambayo katika karne ya 18 ilizoeleka kutiwa kabla pipa halijapakiwa melini.

Mpendwa, wewe uliyefika hapa ukiwa bado unaweza kumwombea jirani, jua kwamba mtu alikutia kitu ndani kabla ya safari. Labda ni bibi yako aliyekufundisha Sala ya Bwana gizani. Labda ni mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye leo hujui kama yu hai. Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha jiulize: watoto wetu nao watasafiri. Wengine watakwenda mjini kutafuta kazi, wengine watavuka bahari, wengine watarudi katika nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Joto lao linakuja. Tumewatia nini?

TATU, UTAMU HUWEZA KUSIMAMA JUU YA SHINA GENI

Wengi wetu hatujaona mzabibu, ingawa unalimwa Dodoma nchini Tanzania. Basi jueni kwamba hupandwa kama tunavyopanda muhogo: unakata kipande cha mti, unakichomeka katika udongo mwingine, nacho kinashika. Ndiyo maana mzabibu umesafiri sana. Ile Malvasia ya Madeira ilifika kisiwani katika karne ya 15 kutoka upande wa mashariki wa bahari ya Mediterania.

Iko zabibu nyingine nyeupe yenye harufu nzuri, iitwayo Muscat ya Alexandria. Katika kisiwa cha Pantelleria, kati ya Sisilia na Tunisia, jina lake ni Zibibbo, kutokana na neno la Kiarabu zabib, ambalo sisi pia tumelipokea tukasema zabibu. Kisiwa kile kina upepo mkali, na wakulima hupanda kila mzabibu ndani ya shimo dogo ili ujifiche upepo. Ufundi huo wa kilimo uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi ya UNESCO. Mzabibu huohuo nchini Ureno hutoa divai tamu ya Setúbal. Afrika Kusini huitwa Hanepoot, na huko pia hutengenezwa divai tamu yenye nguvu. Nchi ni tatu na majina ni mbalimbali, lakini ukionja unajua ni zabibu ileile.

Kisha ikaja tauni. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika ya Kaskazini, aliingia Ulaya akaanza kula mizizi ya mizabibu. Madeira alifika mwaka 1872. Mashamba ya vizazi vingi yalikauka. Dawa iliyopatikana ilikuwa kukata vikonyo vya mizabibu ya zamani na kuviunganisha juu ya mashina ya mizabibu ya Amerika, ambayo mizizi yake ilimvumilia mdudu. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya husimama juu ya mizizi ya kigeni. Na tunda? Malvasia ni Malvasia. Muscat ni Muscat. Mizizi ni ya wenyeji wengine, utamu ni wake.

Wazazi wanatuambia kwa huzuni: mtoto anasoma kwa lugha ya nchi hii, anaimba wimbo wa taifa la nchi hii, anacheza na watoto wa hapa, basi tumempoteza. Hapana. Ameunganishwa juu ya shina lililokubali kumbeba. Mtume Paulo katika Warumi 11 alitumia mfano wa mzeituni kuwaonya waliopandikizwa wasijisifu juu ya shina, kwa maana shina ndilo linalowachukua wao. Basi tuwaheshimu wenyeji wetu. Kuni tunazokata ni za msitu wao, na maji tunayochota ni ya visima vyao.

Historia nayo inatuonya. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta amri iliyowalinda Waprotestanti, na wengi wakakimbia. Mwaka 1688 baadhi yao walifika Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, wakapewa mashamba, na walisaidia kukuza kilimo cha mizabibu kule. Walikuwa wakimbizi kwa ajili ya imani, kama baadhi yetu. Lakini ardhi ile ilikuwa ya malisho ya Wakhoikhoi, na mashamba ya Rasi yalilimwa kwa jasho la watumwa. Hivyo aliyeonewa anaweza kupata nafuu kwa kumwonea mwingine. Bwana atuepushe na utamu wa namna hiyo.

NNE, UTAMU HUMIMINWA KUTOKA KWA MZEE KWENDA KWA KIJANA

Tumalizie Hispania, katika mji wa Jerez. Huko iko zabibu iitwayo Pedro Ximénez. Ikishavunwa hutandazwa juani, kama sisi tunavyoanika mihogo, mpaka inanyauka na kukaribia kuwa zabibu kavu. Divai yake ni nyeusi na nzito kama asali, yenye sukari zaidi ya gramu 200 katika lita moja.

Lakini tunalotaka mlione ni jinsi wanavyoitunza. Mapipa hupangwa kwa madaraja. Daraja la chini kabisa lina divai ya zamani kuliko zote. Juu yake liko daraja la divai changa kidogo, na juu yake tena changa zaidi. Haya madaraja ya juu huitwa kwa neno la Kihispania lenye maana ya mahali pa kulelea. Divai ya kutiwa katika chupa huchotwa katika daraja la chini, lakini pipa halimalizwi kamwe. Huchotwa sehemu tu, na pengo hujazwa na divai ya daraja linalofuata. Hilo nalo hujazwa na lile lililo changa zaidi. Hivyo divai changa ikishuka huikuta ya zamani bado ipo inaingoja, inachanganyika nayo, inajifunza ladha yake. Katika pipa la chini hubaki daima tone la miaka ya mwanzo kabisa.

Ndugu zetu, hapa mfano wa Yeremia unageuka habari njema. Hii nayo ni divai inayomiminwa toka chombo hadi chombo maisha yake yote, na huko kumiminwa ndiko kunakoihifadhi! Shida haikuwa kumiminwa. Shida ni kumiminiwa katika pipa tupu, ambamo hakuna wa zamani wa kukupokea.

Wazee, ninyi ndio daraja la chini. Tunajua mmechoka. Tunajua wengine mmenyamaza kwa sababu mnayoyakumbuka yanaumiza. Lakini mkinyamaza mpaka mwisho, pipa litakuwa tupu siku ambayo vijana watashuka. Semeni jina la kijiji. Semeni jina la mto. Semeni ni nani aliyeleta Injili katika ukoo, na ni jirani gani wa kabila lingine aliyewaficha usiku ule. Tunawaomba hasa hilo la jirani, maana mtoto anayesikia habari za maadui peke yake amemiminiwa siki. Na ninyi vijana, shukeni. Wekeni simu chini saa moja, mkae miguuni pa bibi.

HITIMISHO

Moabu aliyetulia hakuokolewa na kutulia kwake. Sura ileile ya 48 inasema alijaa kiburi, na inaonyesha nabii akililia mizabibu ya Sibma iliyoharibiwa. Yeremia mwenyewe hakubaki mahali pake. Sura ya 43 inasimulia jinsi watu wake walivyomchukua wakaenda naye Misri. Basi aliyetuandikia maneno haya alimiminwa kama sisi.

Na yuko mmoja aliyemiminwa kuliko wote. Alibebwa usiku kwenda Misri akiwa mtoto mchanga, na usiku wa mwisho alishika kikombe akawaambia rafiki zake kwamba damu yake inamwagika kwa ajili ya wengi. Tunapokipokea kikombe hicho, kiwe na divai au maji ya zabibu, tunapokea utamu ambao njia haikuweza kuumwaga. Isaya 25 inatuahidi karamu ambayo Bwana mwenyewe atawaandalia mataifa yote, yenye divai ya siku nyingi iliyochujwa vizuri, naye atafuta machozi katika kila uso. Atakuwa anatukuta na ladha gani siku hiyo? Hilo linaamuliwa hapa, juma hili.

Kwa familia, juma hili tufanye mambo matatu. Kila nyumba ipatane na mtu mmoja kabla jua halijachwa. Kila mzee asimulie habari moja njema ya nyumbani mbele ya watoto. Kila nyumba imshukuru mwenyeji mmoja wa eneo hili kwa neno au kwa kazi ya mikono.

Tuombe. Ee Bwana, mkulima wa mzabibu wa kweli, tumemiminwa nasi tumechoka. Zuia uchungu usitule mpaka mwisho. Jaza wazee wetu, shusha vijana wetu, bariki shina linalotubeba. Uturudishe nyumbani kwa wakati wako, na kabla ya wakati huo utulinde tuwe watamu hapa. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.